Je, Ni Dhambi Kumwazima Ndugu Kitambulisho?

Somo: Mwanzo 27:1–40, 1 Wafalme 21:1–19



Swali la wiki hii nimeulizwa zaidi ya mara moja, hapa Wote na pia upande wa Mwingi, na kila mara aliyeuliza alikuwa mtu aliyeokoka, mwenye moyo mzuri. Swali ni hili: "Pastor, ndugu yangu hana kitambulisho na kazi imetokea. Nikimpatia changu akitumie siku chache tu, nitakuwa nimekosea wapi?"

Tukisikia habari za vitambulisho bandia, mawazo yetu yanakimbia kwa wahalifu wa mjini, wale wa vyumba vya nyuma wenye mashine na mihuri ya uongo. Tunasema asante Mungu, sisi hatumo. Lakini visa ambavyo vimeletwa kwangu kama mchungaji, vingi havikuwa vya wizi. Vilikuwa vya kupeana. Kaka mkubwa amempa mdogo wake wa miaka kumi na saba kadi yake aende mjengo Nairobi. Shangazi amesajili laini za simu za vijana wa majirani kwa jina lake. Familia imemzika babu, na kadi yake bado iko kwenye kabati kwa sababu huenda pesa za wazee zikaingia tena. Kila mmoja wao ukimuuliza atakwambia, "Nilikuwa nasaidia tu."

Kwa hivyo leo sitahubiri juu ya majambazi. Nataka tuulize kama kusaidia kwa namna hii ni kusaidia kweli.

1. Kadi hiyo ni nini hasa?

Wazee wetu walijua kipande. Sheria yake ilitungwa na serikali ya mkoloni mwaka wa 1915, na kufikia 1920 ilikuwa imeanza kutekelezwa. Mwanamume Mwafrika alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma alichovaa shingoni. Mwajiri aliandika humo alivyotaka, na mtu asingeweza kuondoka kazini bila mkono wa mwajiri. Kipande kilimshuhudia bwana mkubwa dhidi ya mfanyakazi. Babu zetu walikichukia, na walikuwa na haki.

Kitambulisho cha leo kimetoka mbali na pale. Ilichukua mpaka mwisho wa miaka ya 1970 ndipo sheria ikabadilishwa na wanawake pia wakaandikishwa. Mama zetu wengi hapo ndipo waliposhika kadi ya kwanza yenye jina lao wenyewe, si la baba wala la mume. Kadi hiyo ikasema: huyu ni mtu, anajulikana, ana jina lake.

Hebu tazama jinsi inavyopatikana. Mzazi anatoa kadi yake kuonyesha kwamba huyu ni mtoto wake. Chifu anasema anamjua. Karani anachukua alama za vidole. Serikali inatia namba. Wote hao wanatoa ushahidi mmoja, kwamba mwenye uso huu ndiye mwenye jina hili. Kwa hivyo kile ulicho nacho mfukoni si plastiki. Ni ushahidi. Na mwenye kadi anapompa mwingine aitumie, anawageuza mzazi wake, chifu na karani kuwa mashahidi wa jambo ambalo hawakulishuhudia. Amri ya tisa inakataza ushahidi wa uongo juu ya jirani. Haikusema kwamba ushahidi huo ni lazima utolewe kwa mdomo.

2. Sheria inalindaje jina lako?

Nitapita haraka hapa, lakini ni vizuri tujue. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inakataza kutoa habari za uongo wakati wa kujiandikisha, na inakataza kughushi kitambulisho. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, katika kifungu cha 345 inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na kifungu cha 349 kinaweka kifungo cha hadi miaka mitatu. Kifungu cha 382 kinamhusu mtu anayejifanya mtu mwingine kwa nia ya kulaghai, na kinasema wazi, awe mtu huyo yuko hai au amekufa. Wenye kadi ya babu kwenye kabati, mmesikia. Mwaka wa 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni. Kifungu chake cha 29 kinamwadhibu anayetumia kwa udanganyifu nambari ya siri au kitambulishi kingine cha mtu, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Na wewe uliyesaidia tu? Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayemsaidia mtenda kosa kuwa mtenda kosa pia. Sheria imetafuta nia yako na kazi ya mkono wako pamoja.

Lakini mimi si wakili, na mtu anaweza kuiogopa jela bila kumpenda jirani. Tuingie kwenye Neno.

3. Mikono ya Esau

Isaka alikuwa mzee, macho yamefifia. Hakuwa na njia ya kumjua mtoto wake ila kwa kumsikia, kumnusa na kumpapasa. Rebeka alijua hivyo. Akamvisha Yakobo nguo za Esau, akamfunga ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Mzee akapapasa. Sauti haikulingana na mikono, na mwenyewe aliona hivyo, lakini akaiamini mikono.

Wapendwa, hapo mbele yetu kuna kitambulisho bandia cha kwanza kabisa. Alama za vidole zilighushiwa kwa ngozi ya mbuzi! Na angalia, hakuna mgeni aliyeingia humo. Mama alikuwa anamsaidia mtoto wake. Yakobo alipoogopa laana, Rebeka akamwambia laana hiyo imwangukie yeye. Mzazi wa hapa kwetu angesema, "Wewe enda, hiyo niachie mimi."

Yakobo aliipata baraka. Lakini hesabu gharama. Esau alilia kwa uchungu. Yakobo akakimbia. Rebeka alidhani mwanawe atakaa huko siku chache, ikawa miaka ishirini, na Biblia haituambii popote kwamba mama na mtoto walionana tena. Huko kwa Labani, aliyemdanganya baba asiyeona akadanganywa gizani, akapewa Lea akidhani ni Raheli. Uzeeni, wanawe wakamletea kanzu ya Yusufu yenye damu ya mbuzi. Mbuzi tena! Nguo ya mtu mwingine ilimdanganya Isaka, na nguo ya mtu mwingine ikamdanganya Yakobo.

Ndipo usiku ule wa kushindana kando ya mto Yaboki, kabla ya kubarikiwa, aliulizwa jina lake. Ni swali lile lile ambalo baba yake aliwahi kumuuliza, na siku ile alijibu kwamba ni Esau. Safari hii akasema Yakobo. Mungu hakumbariki kwa jina la mwingine. Alingoja mpaka mtu huyu aweze kutaja lake.

Kijana unayetafuta kazi, sikiliza. Kazi utakayoipata kwa jina la kaka yako, mshahara utaandikwa kwa jina la kaka yako. Michango ya uzeeni itaingia kwa jina lake. Ukianguka kwenye jengo ukavunjika mguu, aliyevunjika kwenye rekodi ni yeye, na wewe uliyelala hospitali hujulikani. Umefanya kazi miaka mitatu na kwa hesabu ya nchi hujafanya kazi hata siku moja. Hiyo si baraka, ni mzigo umefungwa kama zawadi.

4. Aliyekuwa na muhuri

Mtu ataniambia, "Pastor, hiyo ni ya anayetumia. Mimi niliyempatia sikufanya kitu." Twende Yezreeli.

Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, na Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Watu wa Ukambani tunaelewa jambo hilo, shamba la wazee haliuzwi ovyo. Ahabu akalala kitandani, akakataa chakula. Yezebeli akaandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa Ahabu. Wazee wa mji waliuona muhuri, wakatii. Mashahidi wa uongo wakaletwa, na Nabothi akapigwa mawe.

Ahabu hakuandika hata herufi moja. Hakutoa ushahidi, hakurusha jiwe. Alichofanya ni kuacha muhuri wake utumike na kutouliza umefanya nini. Lakini Bwana alipomtuma Eliya, kwanza alimtuma kwa Ahabu, na shtaka lilikuwa la kuua na kurithi. Yezebeli naye alihukumiwa, ni kweli. Ila mwenye muhuri hakuepuka kwa kusema mkono haukuwa wake.

Na Nabothi alikuwa wapi barua zikiandikwa? Shambani kwake. Hakujua kitu. Hapa ndipo ulipo uzito wa swali letu lote. Unapompatia mtu kitambulisho unaona watu wawili tu, wewe na huyo ndugu mwenye shida, na mnakubaliana. Unajiuliza, nani ameumia? Anayeumia hayuko kwenye chumba. Laini uliyosajili itauzwa kwa mwingine ambaye humjui. Itampigia mama mmoja wa Zombe jioni ile aliyouza mbuzi, imwambie pesa zimetumwa kwake kimakosa, azirudishe. Mama yule hakukaa kikao na wewe. Ndiye Nabothi wako.

Hata namba peke yake, bila kadi, inatosha kufanya madhara. Mnakumbuka Juni 2021, wakati Wakenya walipowezeshwa kuangalia kwenye eCitizen kama wameandikishwa katika chama cha siasa. Watu wengi walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo, na malalamiko yakafika kwa Msajili wa Vyama na kwa Kamishna wa Data. Kuna mtu mahali fulani alikuwa na majina na namba zao, akaamua kwa niaba yao wanachokiamini. Kwa mtu wa imani hilo si jambo dogo. Kukiri kwa niaba ya mwingine bila yeye kujua ni kumnyang'anya kinywa.

5. "Lakini shida ni ya kweli"

Ni ya kweli. Sitaki kuhubiri kama mtu asiyejua kwetu kulivyo. Kaunti ya Kitui peke yake ina kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Anayetoka Mutha au Ngomeni kufuata karatasi anapoteza siku nzima na nauli, na anaweza kuambiwa arudi wiki ijayo. Msichana yatima aliyelelewa na susu yake hana cheti cha kuzaliwa wala kadi ya mzazi ya kuonyesha. Bila kitambulisho hana laini, hana M-Pesa, hana kazi, hapigi kura. Anayemhurumia msichana huyo hajakosea kumhurumia.

Kosa ni kuchagua huruma ya bei rahisi. Kumpatia kadi yako kunachukua dakika moja na leo hakukugharimu kitu, gharama inatumwa kwa mtu mwingine siku nyingine. Kumsindikiza mpaka kwa chifu, kutafuta mwalimu wake wa zamani na mkunga aliyemzalisha mama yake, kulipa nauli mara tatu, kukaa naye kwenye foleni, hiyo ni gharama yako mwenyewe. Msamaria mwema alitoa mafuta yake, divai yake, punda wake na dinari zake mbili, kisha akamwahidi mwenye nyumba kwamba kitakachozidi atalipa atakaporudi. Aliweka jina lake dhamana, lakini akiwa ni yeye mwenyewe, amesimama hapo, uso wake ukionekana. Hapo ndipo pana tofauti kati ya kumdhamini mtu na kumwazima mtu jina.

Tukumbuke pia kwamba Mwokozi wetu alizaliwa katika safari ya kujiandikisha. Mariamu alikuwa mjamzito, barabara ilikuwa ndefu, na amri ilitoka kwa Kaisari, si kwa mfalme wa Wayahudi. Yusufu alikuwa na sababu za kutosha za kutafuta njia ya mkato. Akaenda.

Kuna jambo la miaka pia. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Susu anakwambia alizaliwa njaa fulani, na karani akakadiria mwaka. Makadirio ya kweli si uongo, mtu amesema anachojua. Lakini mwenye miaka sitini na tatu akitafuta mashahidi wa kumfikisha sabini ili apate zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, hayo si makadirio tena. Na kijana wa miaka kumi na sita anayeongezewa miwili amepewa uongo atakaouandika kwenye kila fomu mpaka kaburini. Mzee wa kanisa ukiitwa kushuhudia umri wa mtu, sema unachokijua, na usichokijua kinyamazie.

6. Kanisa nalo lijiangalie

Hukumu inaanza katika nyumba ya Mungu. Makanisa yetu yana madaftari. Tuna orodha ya chakula cha msaada wakati wa ukame, orodha ya basari, orodha ya chama cha akina mama, zote na majina, namba za kitambulisho na namba za simu. Daftari linaachwa kwenye benchi la nyuma. Fotokopi zilizobaki zinaishia sokoni kufungia njugu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuacha kanisa nje. Anayechukua habari za mtu anatakiwa amweleze anazitaka za nini, azitumie kwa kazi hiyo tu, na azilinde. Kamati zetu zisichukue namba ambazo hazihitajiki, na za kazi iliyokwisha zichomwe.

Tena uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja. Watakuja watu wazuri wa maneno wakitaka "kuandikisha vijana wa kanisa", wengine wakitaka kadi zenyewe wakae nazo kidogo. Kadi yako ikikaa kwa mtu siku ya kura, umeuza kura bila kuipiga. Uwanja wa kanisa usitumike kwa kazi hiyo, hata kama mgeni ameleta mabati.

Na wewe nyumbani, fanya haya. Bonyeza *106# kwenye simu uangalie ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoijua uikatae. Ukipoteza kadi, enda polisi upate abstract siku hiyo hiyo, usingoje wiki. Ukitoa fotokopi, andika juu yake tarehe na kazi yake, isitumike kwa lingine. Kadi ya marehemu irudishwe kifo kinapoandikishwa. Na kama jina lako liko kwenye laini ya mtu mwingine, ongea naye wiki hii, kwa upole, aandikishe yake.

Jibu langu basi kwa aliyeuliza ni hili. Ndiyo, ni dhambi, kwa sababu umeshuhudia uongo, na aliyeumia ni mtu uliyemficha macho yako. Lakini kumwambia ndugu yako "hapana" kisha ukafunga mlango, hiyo nayo si haki. Mwambie hapana ya kadi, na ndiyo ya safari. Mtume Paulo, alipoona kuna barua zinazunguka kana kwamba zimetoka kwake, aliwaandikia Wathesalonike salamu kwa mkono wake mwenyewe iwe alama katika kila barua. Alilinda jina lake ili kondoo wasipotoshwe. Nasi tulinde yetu kwa sababu hiyo hiyo.

Tuombe. Baba, wewe unatujua kila mmoja kwa jina. Tusamehe pale tulipouita uongo msaada. Tupe miguu ya kutembea na ndugu zetu mpaka wapate jina lao, na utupe ujasiri wa kusimama mbele yako na mbele ya watu tukiwa sisi wenyewe. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: Je, katika kikundi chetu yuko kijana aliyefikisha miaka kumi na nane na hana kitambulisho? Ni nani kati yetu atakayeenda naye, na siku gani?